Vidonge vya kaka kwenye uji wa ulezi

Kila nikikaa na Watanzania wenzangu hapa Houston kwenye shughuli, mtu akishajua kwamba kazi yangu ni unesi wa wagonjwa wa akili lazima acheke kidogo alafu aulize, "Sasa dada, kwanini ukaamua kwenda kwa vichaa? Si ungekaa zako wodi ya wazazi." Huwa najibu kwa utani kwamba na mimi dishi limeyumba kidogo ndo maana tunaelewana. Jibu la kweli ni refu na linaanzia kwenye uji wa ulezi, na sijawahi kulisema lote mpaka leo.

Mwaka 2001 tulikuwa tunakaa Muheza. Kaka yangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, mtu wa hesabu, tegemeo la nyumba nzima. Ikaanza na usingizi, halali, saa nane usiku unamsikia uani anafagia. Mara akasema redio inamsema yeye, tukazima redio, akasema hata ikizimwa inamsema. Mama akasema kijana kasoma sana kichwa kimechemka, mjomba akasema karogwa na wenye wivu, majirani wakasema bangi. Kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe usiku anasikia nini.

Tukaanza na kisomo. Hapa nisieleweke vibaya, kisomo hakikumdhuru, sheikh aliyekuja alikuwa mpole kuliko sisi wote, akamwandikia kombe kwa zafarani akanywa, na ndo alikuwa mtu wa kwanza kumshika kaka mkono bila kuogopa. Na yeye mwenyewe ndo alimwambia mama, mimi nimesimama mlangoni nasikia, kwamba mimi nitaendelea kusoma lakini huyu kijana mpelekeni hospitali. Hatukumsikia. Tulimfuata mganga mmoja huko milimani aliyekula pesa yote ya mama ya msimu wa machungwa na mbuzi wawili, akamfunga kaka kamba siku sita. Alama za zile kamba anazo mpaka leo kwenye vifundo vya mikono. Miezi mitano ikaenda hivyohivyo, na kwenye magonjwa haya miezi mitano ni mingi sana, ningejua.

Hospitali tulipewa vidonge kwenye bahasha ya kaki imeandikwa 1x2 kwa kalamu, basi. Hakuna aliyesema dawa inaitwaje, inafanya nini, wala tutarajie nini. Siku ya tatu kaka yuko barazani shingo ikaanza kujipinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje hawezi kuurudisha, na akili yake inaona kila kitu, machozi yanamtoka. Mjomba akapiga kelele jini limepanda! Mama akasema hospitali wamenimalizia mwanangu.

Sasa hivi najua ile ilikuwa nini na nikikumbuka nasikia hasira mpya kila mara. Dawa yenyewe ilikuwa haloperidol. Kwa vijana wa kiume hasa, siku chache za mwanzo, inaweza kukaza misuli namna ile. Inatisha kuliko kitu chochote ila inatibika, sindano moja na baada ya muda mfupi mtu shingo imenyooka anaongea, alafu anapewa vidonge vya benzhexol vya kuzuia isirudi. Mtu angetuambia sentensi moja tu siku ile, "akikaza shingo mrudisheni hapa mbio, ni dawa, sio jini," maisha ya kaka yangu yangekuwa mengine. Kama una ndugu ameanzishiwa dawa za namna hii, hiyo sentensi ichukue ukae nayo.

Tulirudi wakatuongezea hivyo vidonge vya shingo, lakini kaka akagoma kabisa, akasema hizi ndo zilizonipinda. Na kweli ndo zilizompinda! Hakuwa kichaa hapo, alikuwa na akili kuliko sisi. Mama akalia usiku kucha, asubuhi akaniita jikoni akaniwekea bahasha mkononi, akasema, "Mwanangu, wewe anakupenda, kutoka kwako atakunywa." Nilikuwa na miaka 16. Nikawa nasaga vidonge kwa chini ya glasi, namimina kwenye uji wa ulezi kwa sababu ule ni mweusi hauonyeshi, naongeza sukari, nakoroga, nampelekea. Akanywa. Wiki ya pili analala, anaoga mwenyewe, siku moja akacheka kitu redioni, mama akanikumbatia kwa furaha.

Alafu siku moja akamaliza uji, akainamisha kikombe nione. Chini kulikuwa na unga mweupe umeganda. Hakusema neno. Akatoka nje akamwaga yale masalia kwenye shina la mchungwa, akarudisha kikombe jikoni. Toka siku ile hakula kitu kilichopita mkononi kwangu, hata yai la kuchemsha alikuwa anachukua lenye ganda amenye mwenyewe. Dawa ikaishia pale, baada ya miezi miwili akaanza tena kutembea barabarani kuelekea Tanga mjini usiku, polisi wakamrudisha mara mbili, mwisho akalazwa mbali na nyumbani kwa miezi. Mtaani wakawa wanatuita wale wa Mirembe, ingawa hiyo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma hakuwahi kufika.

Sio kwamba dawa haikumsaidia, ilimsaidia sana, nililiona kwa macho. Ila ile njia niliyoitumia ndo ilimwondolea mtu mmoja aliyekuwa bado anamwamini, na mtu anayesikia redio inamsema anahitaji sana mmoja wa kumwamini. Familia zinaniuliza mpaka leo, tumwekee kwenye chai? Nawaambia hapana, kwanza muulizeni kwanini hataki, mara nyingi ana sababu na sababu yenyewe ni madhara ya dawa, anatetemeka, ananenepa, nguvu za kiume zimepotea anaona aibu kusema. Dozi inapunguzwa, dawa inabadilishwa, kuna sindano ya mara moja kwa mwezi mtu asisumbuke na vidonge kila siku. Na kama hali ni ya hatari inabidi apelekwe, mwambieni tunakupeleka hospitali, msimwambie tunaenda harusini Korogwe.

Nikaingia chuo cha uuguzi 2005, diploma ya miaka mitatu. Sikusema kwa mtu kwamba nimekuja kwa sababu ya kaka, nilisema nesi anapata ajira haraka. Zamu ya wagonjwa wa akili wenzangu wote waliiogopa, mimi niliiogopa mara mbili, nilikuwa nahisi wataniona usoni kwamba ndugu yangu ni kama wao.

Pale wodini kulikuwa na nesi mmoja mtu mzima karibu na kustaafu. Jina lake simtaji ila nampa heshima zake zote. Yule mama alikuwa akiingia asubuhi anawaamkia wagonjwa waliomzidi umri, shikamoo mmoja mmoja, hata yule amelala chini kajisaidia, hata yule anamtukana. Mwanafunzi mwenzetu akacheka, akauliza sasa yule babu anaelewa kitu gani. Babu mwenyewe alikuwa na wiki tatu hajafungua mdomo, hali mpaka alishwe. Yule mama hakujibu, akaendelea. Siku ya nne au ya tano ya zamu yangu, nipo nabadilisha shuka, nikasikia shikamoo alafu nikasikia sauti kama ya mlango mkavu: marahaba. Wodi nzima tulinyamaza. Yule mama akaendelea kama hakuna kilichotokea, akamuuliza umeamkaje, kama anavyomuuliza kila siku.

Mi sijui kama ilikuwa dawa ndo imeshika au salamu, nadhani dawa kwa kweli, siku zilikuwa zimetimia. Lakini dawa ingeshika bila shikamoo angemjibu nani?

Nikafanya kazi hospitali ya wilaya miaka minne, alafu 2012 bahati nasibu ya green card ikaniangukia. Hapa nitaenda harakaharaka kwa sababu habari za kubeba maboksi mmezisikia sana, ila kuna makosa yangu ya pesa nataka wengine wayaruke.

Kosa la kwanza ni kuondoka Tanzania bila kushughulikia karatasi. Bodi ya manesi huku haikubali cheti chako hivihivi, inataka masomo yako yachambuliwe na shirika la kuhakiki elimu ya nje, enzi zangu lilikuwa linaitwa CGFNS, na chuo chako ndo kinatakiwa kitume rekodi zako moja kwa moja, sio wewe uzibebe kwenye begi kama nilivyofanya mimi. Nilisubiri rekodi miezi minane, kila nikipiga simu naambiwa mwenye funguo ya kabati katoka. Nenda mwenyewe ukiwa bado uko nyumbani, kaa pale mpaka zitumwe. Miezi hiyo yote nilikuwa naosha wazee kwenye nyumba ya kulelea, dola 11 kwa saa, mimi niliyekuwa incharge wa wodi. Kilio cha kwenye gari nilijifunzia pale. Ila sijutii, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anakufundisha uvumilivu kuliko profesa, na pale ndo nilijua Kiingereza cha darasani na Kiingereza cha Texas ni lugha mbili.

Mtihani wa laisensi ya unesi wa huku, NCLEX, nilifeli mara ya kwanza. Enzi hizo kompyuta ilikuwa inaweza kukukatia kwenye swali la 75 au ikakuburuza mpaka la 265, mimi iliniburuza mpaka mwisho alafu ikaniangusha. Dola 200 zikaenda, unasubiri siku 45 ndo unarudia na unalipa tena. Tatizo langu halikuwa ujuzi, nilikuwa najibu kama nesi wa wilayani ambaye daktari hayupo na oksijeni ni mtungi mmoja, wakati mtihani unataka ujibu kama vitu vyote vipo. Nilipogundua hilo nikafaulu, 2014 nikaanza kazi ya usiku kwenye wodi ya akili.

Na huko ndo nilirudia uji.

Kulikuwa na kijana, umri kama wa kaka enzi zile, kila usiku anakuja dirishani pale tunapokaa manesi anauliza natoka lini. Usiku mmoja wodi imechafuka, tuko wachache, akaja mara ya sita, nikamwambia kesho, nenda kalale, kesho unatoka. Daktari hakuwa amesema kitu kama hicho. Nilitaka tu alale. Akalala. Saa kumi na mbili asubuhi kaketi mlangoni na mfuko wa karatasi una nguo zake, kachana nywele, kaniaga kwa heshima nikiwa naondoka. Usiku niliporudi nikaambiwa mchana alivunja kiti, watu wanne wakamshika, kachomwa sindano. Nikafungua faili nikasoma, imeandikwa mgonjwa alikuwa mkorofi bila sababu. Nikakaa na lile faili mkononi. Sababu ilikuwa mimi, na sikuandika. Mpaka leo sijaandika mahali popote isipokuwa hapa. Kesho yake nilimwambia yeye mwenyewe, nikasema nilikudanganya, nisamehe. Akaniangalia akasema najua, wote mnasema kesho.

Baada ya hapo nikaamua kurudi shule. Mwenzangu mmoja Mkenya akaniambia kama umechoka kubeba maamuzi ya watu wengine kasome uwe unaamua mwenyewe. Kada yenyewe inaitwa nurse practitioner, nesi anayepima na kuandika dawa. Kwa wasiojua, ilianzia Colorado mwaka 1965, nesi mmoja Loretta Ford na daktari Henry Silver waliona watoto wa vijijini hawana daktari, wakasema nesi akiongezewa elimu anaweza kupima na kutibu. Kwetu wa kumfananisha naye kidogo ni afisa tabibu. Shangazi yangu simuni aliniuliza, kwa hiyo sasa wewe daktari? Nikasema hapana shangazi, nesi. Sasa mbona unaandika dawa? Nesi anayeandika dawa. Akanyamaza, akasema haya, Mungu akuongoze, kwa sauti ya mtu anayedhani nimetapeliwa shule.

Nilimaliza digrii ya kwanza 2017, kisha miaka zaidi ya miwili ya masters ya magonjwa ya akili, masomo mtandaoni huku nafanya kazi usiku. Jumla ilinigharimu dola elfu 41, sehemu kubwa ni mkopo na bado nalipa. Kitu ambacho hawakuambii kwenye matangazo ya vyuo ni kwamba vyuo vingi vinakuachia wewe utafute mtu wa kukusimamia kwenye mazoezi ya kliniki. Mimi nilitakiwa saa zaidi ya 500, niliandika imeili zaidi ya 60, wanne wakajibu, wawili wakataka hela. Kabla hujalipa ada muulize mkuu wa programu swali moja, mnanitafutia msimamizi au najitafutia? Akianza kuzunguka, ondoka. Alafu mtihani wa cheti cha ubingwa unaotolewa na ANCC, maswali 175 kwa saa tatu na nusu, alafu laisensi ya jimbo, alafu kibali cha DEA, idara ya serikali kuu ya kudhibiti dawa, cha kuandika dawa zenye ulinzi, dola 888 kwa miaka mitatu. Na Texas huandiki dawa mpaka uwe na mkataba na daktari na mara nyingi unamlipa, majimbo mengine kama Washington nesi anajitegemea, kwa hiyo jimbo unalochagua kuishi nalo ni hesabu. Hesabu hiyo mimi sikuipiga.

Nikaanza kliniki 2021. Mgonjwa mpya saa moja, akirudi dakika 20. Dakika 20! Salamu ya Kiswahili peke yake inamaliza tano. Nimegombana sana na hiyo saa.

Wagonjwa wangu wengi ni Wamarekani wa kawaida, ila kwa kuwa nazungumza Kiswahili nikaanza kuletewa Wakongo wakimbizi, Houston wapo wengi, na wengi wao wamekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka na miaka. Nikajiona mimi ndo suluhisho. Mzee wa kwanza nikampa shikamoo kwa mbwembwe, akaniangalia, akajibu "jambo mama," nikaelewa kwamba Kiswahili ni kimoja lakini nyumba ni nyingi.

Akaja mama mmoja, nitabadilisha vitu kidogo asijulikane. Karatasi ya rufaa imeandikwa anasikia vitu usiku, wiki tatu halali, aanzishiwe dawa ya saikosisi, yaani ya mtu anayesikia visivyokuwepo. Aliyetafsiri siku ile alikuwa mtoto wake wa miaka 12. Nimemkalisha, nikamuuliza mama usiku unasikia nini. Akasema, "Kuko kitu kinaliaka juu. Kinasema piii, kinanyamaza, nikisema kimekwenda kinasema tena." Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kompyuta, jina la dawa nimeshaliandika nusu, nimechelewa wagonjwa wawili, na nilikuwa na hakika kwamba najua. Sijui nini kilinisimamisha, labda ni lile swali ambalo hakuna aliyemuuliza kaka. Nikasema mama, kinaliaje, niigizie. Akaigiza. Nikamuuliza kila baada ya muda gani, akasema kama dakika moja. Huko juu pana kidude cheupe cha duara kwenye dari? Eeh kiko.

Jamani, ni king'ora cha moshi, betri imeisha! Mwaka wangu wa kwanza hapa kilinitesa hivyohivyo wiki nzima mpaka jirani akanionea huruma. Tulicheka mpaka machozi, mtoto wake akaagizwa betri ya volti tisa dukani. Lakini nikifika nyumbani sikucheka tena, kwa sababu nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu nimpe mwanamke mzima dawa ya kumnenepesha na kumlewesha kwa ajili ya betri.

Na hadithi haikuishia kwenye betri. Alilala siku nne mfululizo, akarudi akaniambia, "Sasa kumenyamaza, nasikia mawazo yangu." Huyo alikuwa na mtoto mkubwa aliyebaki kambini na mambo mengine ya Kivu ambayo nayaacha hapohapo. Mama hakuwa na saikosisi, alikuwa na huzuni nzito, na hiyo tukaitibu. Neno huzuni lenyewe hakulisema hata siku moja, alisema roho inamuuma, mwili unawaka, kichwani mna vidudu vinatembea. Ukitafsiri hayo neno kwa neno Mmarekani anaandika mgonjwa anahisi wadudu kichwani. Mswahili akikuambia ana mawazo mengi, usidhani anafikiria kodi ya nyumba.

Kwa hiyo kama uko huku na unaenda kliniki, usimtumie mtoto wako kutafsiri. Hospitali na kliniki zinazopokea hela ya serikali kuu zinatakiwa zikupe mkalimani bure, ni sheria ya haki za raia ya 1964, omba wa Kiswahili na useme Kiswahili cha wapi. Mtoto wa miaka 12 hatamtafsiria mama yake kwamba anatamani kufa, atasema mama kachoka.

Na hilo la kufa naliuliza kila mtu, waziwazi. Wengi wetu tunaogopa kwamba ukiuliza unamfundisha mtu, sivyo, mtu anayelifikiria anapumua ukimuuliza. Naanzia mbali, kuna siku unalala unatamani usiamke? Akisema ndio naingia ndani, umefikiria kujiua? Umepanga kwa njia gani? Nikiuliza nimetulia naye anajibu ametulia. Namba ya dharura ya mambo hayo kwa Marekani nzima toka Julai 2022 ni 988, naiweka kwenye simu yake pale pale, sio kumpa kikaratasi.

Dawa sasa. Nikiandika dawa naitaja jina, naonyesha picha ya kidonge kwenye kompyuta, nasema itakufanyia nini na itakuudhi vipi. Sertraline, dawa ya huzuni nzito, wiki ya kwanza tumbo litakuvuruga na kichwa kitauma, faida usiitegemee kabla ya wiki nne mpaka sita, ukiacha siku ya kumi ukasema haifanyi kazi umeteseka bure. Lithium, dawa ya mtu ambaye hali yake inapanda na kushuka kupita kiasi, maji na chumvi vikipungua mwilini dawa inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu, kwa hiyo Waislamu wenzangu nawauliza Shaabani, sio katikati ya Ramadhani, unakusudia kufunga? Tunapima damu, tunapanga, wengine namwambia mwaka huu usifunge na aongee na sheikh wake, mashekhe wengi hapa wanaelewa. Dawa za kienyeji na maombi nauliza kwa sauti ileile ninayouliza Panadol, nikikunja uso sitaambiwa tena. Daktari wangu msimamizi anasema nawaambia wagonjwa madhara mengi watakimbia. Wachache wanakimbia kweli. Wengi wa hao wanarudi, kwa sababu hakuna kilichowashtukiza.

Kuna siku nafeli bado. Nina wagonjwa nimechoka kuwasikiliza, nikiona jina kwenye orodha moyo unashuka, na nimewahi kumkatiza mtu analia kwa sababu saa imefika. Mwaka 2022 mwishoni nilifika mahali napaki gari kliniki nakaa dakika kumi siwezi kufungua mlango, nikaenda mwenyewe kutafuta mtu wa kuongea naye. Fomu ya maswali tisa ya kupima huzuni ninayowapa watu kila siku nikapewa mimi, nikaijaza kwa uongo, alafu nikaomba nyingine.

Nilirudi Muheza 2023. Kaka ana miaka zaidi ya 40 sasa, anachoma sindano yake kila mwezi kwenye zahanati, anafuga kuku wa mayai, hesabu zake anaweka kwenye daftari kwa mwandiko uleule mzuri. Mikono inamtetemeka kidogo. Mama alishatangulia. Asubuhi ya tatu nikamfuata bandani, nikamwambia kaka, kuna jambo miaka yote hii sijakuomba radhi, ule uji.

Hakuacha kumimina pumba. Akasema, "Siku ya kwanza tu nilijua. Uji gani unakorogwa hivyo, ulikuwa unakoroga mpaka kijiko kinalia."

Nikamuuliza sasa mbona ulikunywa wiki mbili nzima?

"Nilikuwa nasubiri useme."

Akafunga mlango wa banda, akaniuliza huko Marekani trei ya mayai inauzwa dola ngapi. Tukaingia ndani, nikapika uji, nikamwekea sufuria na kikombe kitupu mezani nikatoka. Nilipopita dirishani nikaona anajipakulia. Alipomaliza akainamisha kikombe, akaangalia chini.